Sauti Niliyoiita Kelele

Moyo wa kwanza niliousikia ni wa mama, na niliusikia kwa nyuma. Nilikuwa kitinda mimba, nikadekezwa kama vitinda mimba wote. Nilibebwa mgongoni hadi miguu yangu ikawa inamgonga mapajani. Mama alinifunga kwa leso, akaingia kwenye chai umande ukiwa bado mzito, na mimi nikalaza shavu kati ya mabega yake. Humo ndani kulikuwa na kitu kinagonga. Juu ya hicho kitu kulikuwa na sauti yake, kwa maana mama alipochuma chai aliimba amefumba mdomo, wimbo usio na maneno, unaopanda kidogo, ukashuka, ukakatika mahali ambapo mtu hategemei. Ukungu ulikuwa umefunika kilima chote, na mimi sikujua kama nimelala au niko macho. Wenzangu wanaotibu ubongo wamenieleza mara nyingi kwamba mtoto wa umri ule hawezi kuwa na kumbukumbu. Huwa naitikia kwa kichwa, kisha naendelea kukumbuka.

Nilipotoka jandoni, nikiwa bado mtoto wa shule ya msingi, mambo yalibadilika. Kwetu Wagusii kuna kitu tunakiita ensoni. Mgeni akielezwa hudhani ni aibu tu, lakini ni heshima iliyojengewa ukuta. Kijana aliyetahiriwa haingii chumba anacholala mama yake. Hamwoni akiwa hajavaa sawasawa, wala hatamki mbele yake mambo ya mwili. Mama naye hujistiri kwa mwanawe vivyo hivyo, na wanawake wote wa rika lake pale kijijini nao ni mama, kwa hiyo nao hujistiri. Hakuna aliyenikalisha chini kunifundisha hayo. Nilirudi nyumbani nikiwa na kidonda kinachopona, nikakuta kigoda changu kimesogezwa karibu na mlango, nikakaa hapo.

Tangu siku hiyo sikumgusa mama zaidi ya kumpa mkono wa salamu. Sikujihisi nimepungukiwa na kitu. Ndivyo nyumba zote zilivyokuwa.

Niliingia udaktari kwa sababu ya alama za mtihani. Sina hadithi nzuri ya kusimulia hapo. Moyo, huo niliuchagua mwenyewe. Siku yetu ya kwanza wodini, mwalimu alitupa stethoskopu tusikilize kifua cha mzee mmoja aliyelala akitutazama kwa huruma. Wenzangu walisikiliza mmoja mmoja, wakasema wamesikia, wakaondoka. Mimi nilifumba macho, na mara nikawa mahali penye joto, harufu ya majani mabichi na ukungu, hadi mzee aliponiuliza kama nina usingizi. Nadhani nilikuwa nao. Miaka yote hii nimeifanya kazi yangu nusu macho, nusu ndotoni. Wauguzi wamenizoea. Nikifumba macho juu ya mgonjwa, wanasubiri nirudi.

Nilisoma hapa nchini, nikasoma ng'ambo kwenye jiji la theluji ambako kila moyo niliousikiliza ulikuwa umevaa sweta tatu, kisha nikarudi Kisii kufundisha. Asubuhi naona wagonjwa, mchana nafundisha, na siku zinazobaki, ambazo hazipo, nafanya utafiti.

Utafiti wangu unahusu ugonjwa mmoja tu, nao nauchukia kama mtu anavyomchukia jirani. Unaanzia kooni. Mtoto anaumwa koo, anapewa chai ya tangawizi, anapata nafuu, watu wanasahau. Lakini mwili uliopigana na koo lile umekwisha kuujeruhi moyo bila kujua, na miaka inavyopita, vali moja, mlango mdogo unaopitisha damu kutoka chumba cha juu kwenda cha chini, inakakamaa na kushikana kingo. Mwenyewe hana habari. Anachojua ni kwamba mlima wa kwao umekuwa mrefu kuliko zamani. Wengi huja kwetu wamechelewa, mapafu yamejaa maji, au donge la damu limetoka moyoni likapanda ubongoni na nusu ya mwili imelala. Akiwahi, mlango ule unaweza kupanuliwa kwa puto dogo linalopitishwa kwenye mshipa wa paja, bila hata kupasua kifua. Kuwahi na kuchelewa, hapo katikati ndipo kazi yangu yote ilipo.

Mezani kwangu kuna moyo wa jiwe. Nilimwagiza mchongaji mmoja wa Tabaka, kijiji cha wachonga mawe, anichongee, wa kufunguka vipande viwili, ili niwaonyeshe wanafunzi na wagonjwa. Alinihoji kuliko nilivyowahi kuhojiwa na maprofesa: damu inaingilia wapi, inatokea wapi, na kama inajua njia, milango ya nini? Mwishoni akauliza nataka ile vali iwe wazi au imefungwa. Nikamwambia nataka iwe imeshikana kidogo. Alinitazama kama mteja aliyeagiza sufuria yenye tundu, lakini akachonga.

Tuliamua kuwapima wanawake sokoni, kwa kuwa hospitali huwaona waliokwisha kuchelewa. Tulianzia Mosocho, tukamalizia Birongo, ambalo ndilo soko la kwetu. Tuliomba ukumbi wa kanisa, tukatundika pazia, na nyuma ya pazia akakaa muuguzi wetu mkuu na stethoskopu ya kisasa, ile inayorekodi. Muuguzi huyu ni mama wa makamo kutoka upande wa ziwa. Ameishi Kisii miaka mingi, na Kigusii chake ni salamu na bei ya ndizi. Wanawake walizungumza naye Kiswahili, kila mmoja cha kwake.

Mimi sikukanyaga ukumbini. Ndivyo kanuni ilivyosema, na kanuni niliiandika mimi. Rekodi zije mjini zikiwa na namba tu, bila jina wala kijiji, ili anayesikiliza asijue anamsikiliza nani. Rekodi yenye maneno yanayoweza kumtambulisha mtu ifutwe. Na mwanamke atakayekutwa na tatizo aelezwe, apewe barua ya kwenda kliniki ya moyo mjini. Kliniki hiyo ina daktari mmoja, na daktari huyo ni mimi.

Kabla ya kwenda Birongo nilimpigia mama simu nikamwambia kutakuwa na upimaji wa moyo kanisani.

"Mimi ni mzima, baba," akasema. Kwetu mama anaweza kumwita mwanawe baba, akiwa na upendo au akiwa anataka mazungumzo yaishe. "Wapimeni wagonjwa."

Nikasema sawa. Kuzungumza na mama habari za kifua chake kulikuwa kumeshanitoa jasho.

Rekodi ya mia mbili na saba niliisikiliza asubuhi moja ya mvua, kikombe cha chai mkononi, milima ya nje ya dirisha imepotea yote. Pigo la kwanza lilikuwa kali na lenye haraka. Kisha ukafuata mlio mfupi wa vali inayofunguka kwa shida, na baada yake mnong'ono wa chini kabisa, wa mbali, kama lori linalopanda mlima wa pili. Mnong'ono huo madaktari wengi huukosa, hata waliosoma sana. Hapa ulikuwa umetimia, hakuna kilichopungua. Niliandika kwenye fomu kwamba vali imebana sana, mhusika aje kliniki upesi. Kisha, Mungu anisamehe, nikafurahi. Kwa miaka nilikuwa nikitafuta mfano mzuri wa kufundishia, na sasa nilikuwa nao.

Wanawake walikuwa wametia saini kwamba rekodi zisizo na majina zinaweza kutumika darasani, kwa hiyo nikaitumia. Mwaka mzima. Kila kundi la wanafunzi lililopita mikononi mwangu lilifumba macho na kuusikiliza moyo wa mia mbili na saba. Niliwaambia wausikilize hadi wauote. Katikati ya rekodi kulikuwa na kitu kingine, mvumo fulani uliopita juu ya mapigo kwa sekunde chache, na kila mara kulikuwa na mwanafunzi wa mbele aliyeinua mkono kuuliza ni nini.

"Hiyo ni kelele," niliwajibu. "Ipuuzeni. Daktari mzuri anajua pia cha kutosikia."

Wakaandika kwenye madaftari yao.

Mwaka ulipokaribia kwisha nikakaa kuandika ripoti. Wanawake wa Mosocho waliopewa barua walikuwa wamekuja kliniki karibu wote. Wa Birongo karibu wote hawakuja. Wa kwetu! Mimi hukasirika upesi, na siku hiyo nilikasirika kama mtu aliyeandaa karamu akakaa peke yake mezani. Karibu na orodha yao nikaandika maneno mawili: walikataa matibabu. Nikamwita muuguzi.

"Sista, hebu niambie, watu wa kwetu wana nini? Mosocho wanakuja. Birongo wanakaa nyumbani wakingoja nini?"

Aliinama akasoma kwenye kompyuta yangu, akavua miwani.

"Hapo umeandika nini, Daktari?"

"Walikataa matibabu. Si ndivyo?"

"Futa."

"Kwa nini nifute?"

"Kwa sababu hawajakataa matibabu. Wamekukataa wewe."

Nilicheka, nikidhani ni utani. Yeye hakucheka. Alivuta kiti, akakaa, akaanza kunieleza polepole kama mtu anayemweleza mgonjwa.

"Nimewapigia simu wote, zaidi ya mara moja. Wananijibu vizuri, hata wananiombea baraka. Lakini mmoja ndiye aliyenifungulia roho. Alisema hivi: 'Sista, hiyo daktari ni mtoto yetu. Mimi nilimpikia uji akitoka jandoni. Leo nifungue nguo mbele yake namna gani?' Nikamwambia, lakini mama, pale hospitali yeye si mtoto, ni daktari. Akacheka sana. Akasema, 'Wewe ni wa ziwa, hii huwezi kuelewa. Lakini yeye anaelewa.'"

Yeye anaelewa. Nilibaki nimeukazia macho ule moyo wa jiwe. Nilikuwa nimesoma hadi nywele zikaanza kuniaga, nikaandika kanuni za kurasa chungu nzima, zikapitishwa na kamati ya maadili, na mahali popote ndani yake sikuwa nimekumbuka kwamba huko Birongo mimi ni mtoto. Nilidhani koti jeupe linaondoa ensoni. Mgeni asingefanya kosa hilo, kwa sababu mgeni angeuliza. Mimi sikuuliza kwa kuwa nilikuwa wa pale.

"Na mia mbili na saba je?" nikauliza. "Yule wa vali iliyobana sana. Naye ni wa Birongo?"

Muuguzi alifuta miwani yake kwa upindo wa sare, kioo kimoja, kisha cha pili, kisha cha kwanza tena.

"Huyo sitamzungumzia."

"Sista, huyo mtu anaweza kuanguka leo au kesho."

"Najua. Nimemwambia. Lakini kanuni uliandika wewe, Daktari, na yeye ameniomba." Akavaa miwani, akatoka.

Nilivaa vipokea sauti, nikaifungua rekodi ile. Sijui kwa nini. Labda nilitaka kumwomba radhi mtu nisiyemjua. Nilifumba macho kama kawaida yangu, likaja pigo kali, ukaja mlio, ukaja mnong'ono, na ule mvumo ulipofika, kwa mara ya kwanza sikuupuuza. Ulipanda kidogo, ukashuka, ukakatika mahali ambapo mtu hategemei.

Sauti ya mtu tunayoizoea ni ile inayotoka kinywani. Hii haikuwa imetoka kinywani. Ilikuwa imetoka kifuani, kupitia nyama na mbavu, jinsi inavyosikika kwa aliyeegemeza shavu. Watu waliomsikia mama akiimba shambani ni wengi. Walioisikia sauti yake kutoka huko ndani ni wale tu aliowabeba, na mimi nilibebwa kuliko wote. Nilirudisha rekodi nyuma nikasikiliza tena. Nikaona umande. Nikaona nyuzi za leso karibu na jicho langu.

Nililia pale mezani, mtu mzima, mlango ukiwa wazi. Nilikuwa nimeuchezesha moyo wa mama mbele ya watoto wa watu mwaka mzima, nikawaambia wimbo wake ni kelele.

Kisha nikakumbuka mteremko. Kutoka barabarani hadi nyumbani kwa mama kuna njia ya kupanda katikati ya chai, si ndefu. Kila nilipomtembelea alinipokea barabarani, tukapanda pamoja, na kila mara alisimama mara tatu. "Hebu tazama chai ilivyostawi," alisema. Nikatazama chai. Mara ya pili alinionyesha migomba ya jirani. Mara ya tatu, mawingu. Nilijua mama anazeeka vizuri, amekuwa mtu wa kupenda mandhari. Na katika fomu ya utafiti wangu, swali la kwanza kabisa, nililoliandika mimi kwa mkono wangu, linauliza: ukipanda mlima, unasimama mara ngapi?

Sasa nilikuwa nimefungwa mara mbili. Kama mtafiti sikuruhusiwa kumjua, na kama mwanawe sikuruhusiwa kumtaja kifua. Na muda ulikuwa unakwenda. Siku hizo chache nilitembea kama mtu aliyeamshwa kabla ya ndoto kwisha. Nilisikiliza wagonjwa, na nyuma ya kila moyo nikasikia wake. Nilimpigia simu mwenzangu mmoja, daktari wa moyo, mwanamke, naye wa upande wa ziwa, nikamweleza habari za akina mama wa Birongo bila kumtaja mtu. Alinicheka kwanza, kisha akakubali kuja kila Jumatatu.

Jumapili nikaenda nyumbani. Nilimkuta mama amenisubiri barabarani. Tulipanda, akasimama, nikasimama. "Tazama chai," akasema. Nilitazama chai huku nikihesabu pumzi zake kwa pembe ya jicho, na nilikuwa na hofu ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mgonjwa yeyote.

Alikaa uani, akaendelea kuchambua chinsaga, mboga anayojua naipenda. Nilikaa kwenye kigoda changu, umbali wangu wa siku zote. Nikautoa ule moyo wa jiwe kwenye mfuko, nikauweka chini katikati yetu.

"Ni nini hicho?"

"Moyo. Umechongwa Tabaka."

"Watu wa Tabaka siku hizi wanachonga kila kitu." Aliufuta vumbi kwa kidole, hakuuinua.

"Mama," nikasema, "kuna mwanamke mmoja."

Mikono yake ikasimama juu ya mboga. "Mwanamke gani?"

"Simjui. Nina namba yake tu."

Alinitazama kwa muda. Kisha akachukua tawi jingine la chinsaga, na nikajua kwamba amejua, na kwamba ameniruhusu kuendelea.

"Huyo mwanamke ana nini?"

Niliufungua moyo wa jiwe, nikausogeza. Nikaeleza yale ninayoyaeleza kila wiki: koo la utotoni, miaka, mlango ulioshikana kingo. Sikuyatazama macho yake, nililitazama jiwe. Yeye alilichukua hatimaye, akaweka ukucha wa kidole gumba, ule uliotiwa rangi na chai ya miaka yote, juu ya vali.

"Ni hapa pamebana?"

"Hapo hapo."

"Alikuwa akidhani ni uzee. Na akiacha hivyo hivyo?"

Hapo sauti yangu ilinisaliti. "Akiacha hivyo atatuacha, mama. Si lazima iwe hivyo. Na ana mtoto ambaye hatalala tena vizuri."

"Mtoto gani huyo, mzee na mvi?" akasema, na nikaona anajizuia kucheka, au kulia, sijui. Aligeuza jiwe mkononi. "Nani atamwona? Hawezi kwenda kufungua nguo mbele ya mtoto wake."

"Hakuna atakayemtaka afanye hivyo. Kuna daktari mwingine, mama wa ziwa, atakuwa anakuja Jumatatu. Akina mama wote wa Birongo wataonwa naye. Na wale wa kupanua huo mlango, wao wako Nairobi, hawamjui mtu."

"Na mwanawe atakuwa wapi?"

"Nje. Kwenye benchi, na jamaa za wagonjwa wengine."

"Asiingie."

"Hataingia."

"Na asiulizeulize. Namjua, anapenda kuuliza."

"Hatauliza."

Alimaliza chinsaga yote. Aliinuka, akajishika kiuno, akaenda na sinia jikoni, na alipofika mlangoni akasema bila kugeuka, "Basi nitamwambia huyo mwanamke."

Miezi miwili baadaye nilikaa kwenye benchi la hospitali moja ya Nairobi. Nimefanya kazi hospitalini zaidi ya nusu ya maisha yangu, na sikujua kwamba benchi ni refu kiasi kile. Karibu yangu alikaa baba mmoja ambaye mkewe alikuwa ndani kwa jambo kama letu, akaniuliza kama nafahamu chochote kuhusu puto la moyoni. Nilimwambia nimesikiasikia. Tukagawana mkate. Nilifumba macho, na kwa mara ya kwanza sikuona ukungu wala chai, niliona mlango tu, huo wa rangi ya kijani uliokuwa mbele yangu. Ulipofunguka, daktari wa huko, kijana niliyewahi kumfundisha, aliniangalia, akakumbuka alichoagizwa na mgonjwa wake, akapita bila kusema neno. Lakini alipita akitabasamu.

Ripoti niliiandika upya. Pale palipoandikwa "walikataa matibabu" sasa pana aya nzima inayoeleza kosa, na kosa limeandikwa kuwa la mtafiti. Wahakiki waliuliza kama kweli inahitajika aya nzima. Niliwajibu ndiyo. Akina mama wa Birongo walianza kuja Jumatatu, wawili wawili, wamevaa vizuri kama wanaokwenda kanisani, na nikikutana nao kwenye korido ya kliniki tunapeana salamu za nyumbani na wanapita.

Baada ya miezi kadhaa muuguzi alirudi Birongo na pazia lake kurekodi mioyo ile upya. Rekodi za marudio zilipewa namba mpya. Nilikuwa nimeomba za Birongo zote zisikilizwe na mwenzangu wa Jumatatu, lakini moja ilipenya ikaja kwangu. Huenda ilipenya. Huenda muuguzi aliipenyeza, sijamwuliza.

Niliisikiliza mchana, jua likiwa limetoka baada ya mvua, vilima vyote vinafuka mvuke. Pigo la kwanza lilikuwa limetulia. Mnong'ono ulikuwepo, lakini mwembamba, wa kutafutwa. Nikafikiri, huyu amepona vizuri, huyu atapanda mlima. Ndipo mvumo ukaja, ukapanda kidogo, ukashuka, ukakatika. Kikapita kimya cha mapigo manne. Kisha, kutoka huko ndani ya kifua, taratibu, kwa Kigusii, sauti ikasema, "Baba, umesikia?"

Kanuni inasema rekodi yenye maneno ya kumtambulisha mtu ifutwe. Niliisikiliza mara moja tena. Nikaifuta.

Kisha nikampigia mama simu. Alikuwa barabarani, amemsindikiza mgeni. Aliniuliza habari za watoto, nami nikauliza habari za chai. Akasema niendelee kuongea tu, yeye anarudi nyumbani.

"Nimesikia," nikamwambia.

"Vizuri," akasema.

Simu ilibaki sikioni mwake, nikasikia viatu vyake vya plastiki vikianza kupanda katikati ya chai, na yeye akaanza kuimba amefumba mdomo. Nilifumba macho nikahesabu hatua zake zote hadi niliposikia mlango wa nyumba ukifunguka. Hakusimama.